Arbuni ya Safari Ijayo: Kwa Nini Wazee Hurudi Kwenye Meli za Kitalii

Kabla meli iliyotoka nchi ya nje haijaruhusiwa kushusha hata mtu mmoja pale Kilindini, bandari ya Mombasa, nahodha wake hutakiwa kujibu maswali 9 ya Tamko la Afya, fomu inayotumika katika bandari za dunia nzima chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Swali la nne linataka kujua kama kuna mgonjwa melini sasa hivi. La nane linauliza habari za wazamiaji. La kwanza ndilo zito: je, kuna aliyefariki safarini kwa sababu isiyokuwa ajali?

Nimekuwa katika kazi ya afya bandarini kwa miaka mingi. Kwenye meli za makontena jibu la swali hilo huwa "hapana", tunaendelea. Meli za kitalii ni habari nyingine. Huko "ndiyo" hainishtui. Si kwamba zinaua watu. Zinabeba maelfu kwa mpigo, na wengi katika abiria wa safari ndefu wamefika umri ambao moyo unaweza kusimama popote, uwe nyumbani au baharini. Ndiyo maana meli kubwa za aina hiyo zina chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti, na abiria wazoefu wanajua kipo.

Asubuhi moja, nikishuka kutoka kwenye meli ya namna hiyo, nilikuta foleni ya wazee wakingoja mabasi ya kwenda Tsavo. Mikongojo, viti vya magurudumu, kofia za ukili walizonunua Zanzibar. Mmoja wao, bibi wa Kiingereza wa miaka 83, alikuwa na plasta kubwa juu ya jicho na uvimbe uliokwisha kugeuka zambarau hadi shavuni. Usiku wa juzi yake bahari ilikuwa imechafuka, naye alijikwaa kwenye kizingiti cha bafu. Nilimuuliza, kwa udadisi tu, kama baada ya hapo atapanda meli tena. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama atakunywa chai tena. Ya mwakani, akasema, alishailipia.

Swali lile si langu peke yangu. Limeulizwa sana tangu 2020, na waliouliza walikuwa na haki. Februari ya mwaka huo meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, abiria na mabaharia pamoja. Zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa na miaka 60 kwenda juu. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong siku chache kabla alikuwa amegundulika na korona. Waliobaki wakafungiwa vyumbani kwa wiki mbili, wengine katika vyumba vya ndani visivyo na dirisha, huku mabaharia wakiendelea kupika na kupeleka sinia mlango kwa mlango. Zaidi ya 700 waliambukizwa. Kwa sisi watu wa afya, meli ile ilitufundisha jambo ambalo miji mikubwa ilikuwa bado haijalionesha waziwazi: karibu nusu ya waliopatikana na virusi katika wiki za mwanzo hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa.

Mwezi uliofuata Ruby Princess ilishusha abiria wapatao 2,650 mjini Sydney bila kizuizi, na vifo 28 vikahusishwa na safari hiyo. Zaandam nayo iliondoka Buenos Aires tarehe 7 Machi 2020, bandari za Amerika Kusini zikaifungia milango moja baada ya nyingine, na ilipoingia Florida tarehe 2 Aprili abiria wanne walikuwa wamekufa. Wazee hawa hawakuwa wamekosea lolote. Walikuwa wamelipia kuona bahari.

Ungedhani biashara hiyo imezikwa hapo. Lakini kwa hesabu za CLIA, chama cha kampuni za meli za kitalii, abiria waliokuwa milioni 29.7 mwaka 2019 walishuka chini ya milioni 5 mwaka 2021, kisha wakapanda hadi milioni 31.7 mwaka 2023 na milioni 34.6 mwaka 2024. Takwimu hizo nazitumia kwa tahadhari. Ni za watu wa rika zote, na siku hizi meli za wiki moja za Karibi zimejaa watoto na mitelezo ya maji. Hazithibitishi kwamba wazee wamerudi. Anayetaka ushahidi wa wazee aende gatini meli ya safari ya miezi minne ya kuzunguka dunia inapofika, atazame wanaoshuka ngazi. Nani mwingine mwenye miezi minne?

Wamerudi basi. Kwa nini?

Sababu ya kwanza haina siri. Mchukue mstaafu wa miaka 78 anayetamani kuiona Mombasa, Zanzibar, Nosy Be na Durban. Kwa ndege atapita viwanja visivyopungua vinne, avue mkanda na viatu mara nne, abebe begi, apambane na teksi, alale vitanda vinne tofauti, na usiku akitaka kwenda msalani apapase ukuta asioujua. Kwa meli anapanga nguo zake kabatini siku ya kwanza, basi. Kitanda kinamfuata. Choo ni kilekile. Akiamka goti linauma, anabaki sitahani na kahawa yake, na Zanzibar iko pale mbele ya macho, haijaenda popote. Chakula kipo na daktari yupo. Na wapo watu, jambo ambalo vijana hulisahau. Mjane anayeishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu huko Bournemouth anaweza kumaliza siku tatu bila kuzungumza na mtu. Melini anakaa meza moja na watu walewale kila jioni, na mhudumu ameshajua kwamba hatumii sukari.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Lee Lindquist na Robert Golub, waliliandika hili kwa uzito wote katika jarida la wataalamu wa tiba ya wazee la Marekani. Walipiga hesabu ya gharama za mzee wa miaka 80 kuishi miaka 20 kwenye meli ya kitalii, wakailinganisha na makao ya wazee yenye msaada. Meli: dola 230,497. Makao: dola 228,075. Tofauti yake haifiki hata dola 3,000 kwa miaka yote hiyo. Magazeti yalicheka, lakini wapo wazee waliojaribu. Mimi hesabu ile naikubali nusu. Inamfaa mzee anayejitembeza na kujua vidonge vyake. Asiyeweza kujiogesha, au anayesahau namba ya chumba chake, hana mtu wa kumbeba kule. Msafisha chumba si muuguzi, ana vyumba vingine vinavyomngoja.

Sababu ya pili iko kichwani, na hapa ndipo swali la "utapanda tena?" linapoanza kuyumba. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio la maji baridi. Mtu alitia mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Baadaye alitia mkono mwingine kwenye maji yaleyale kwa sekunde 60, kisha akaambiwa asubiri sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa kidogokidogo, yakawa baridi bado lakini afadhali. Alipoulizwa angependa kurudia lipi, wengi walichagua la pili, yaani maumivu marefu zaidi. Kumbukumbu haihesabu muda. Inashika kilele na mwisho.

Sasa fikiria jinsi safari ya meli inavyomalizika. Usiku wa mwisho kuna karamu, wapishi wanapita katikati ya meza wakipunga mikono, mhudumu anakuaga kwa jina lako. Siku ya tatu ulitapika, ndiyo, lakini siku ya tatu haiko mwishoni.

Kwa wazee mambo huzidi. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miaka mingi kueleza kwamba mtu anayeona muda wake umebaki mchache huacha kukusanya mambo na kuanza kuchagua yanayompa utulivu. Katika utafiti alioufanya na Susan Charles na Mara Mather, uliotoka 2003, watu walioneshwa picha nzuri na mbaya kisha wakaulizwa wanakumbuka zipi. Kadiri umri ulivyopanda, ndivyo picha mbaya zilivyopungua kumbukumbuni zikilinganishwa na nzuri. Si usahaulifu wa ugonjwa. Moyo wa mzee unapanga upya kabati lake.

Nililiona hili nyumbani kwetu. Shangazi yangu, mwenye miaka 74, presha na sukari, alialikwa na mwanawe anayeishi Leicester, Uingereza, kwa safari ya siku saba ya Mediterania. Siku ya nne nilipigiwa simu. Alikuwa ametapika na kuhara usiku kucha, daktari wa meli alikuwa amemwamuru asitoke chumbani, chakula kikiachwa mlangoni kama cha paka. Sauti ilikuwa haitoki vizuri. "Mwanangu," akaniambia, "nikirudi kwangu salama, hayo mameli siyataki tena maishani." Niliamini.

Kampuni nazo haziiachi kumbukumbu ifanye kazi peke yake. Karibu kila meli kubwa ina meza ya kuuza safari zijazo, tena humohumo melini, abiria akiwa bado na tabasamu. Hutoi fedha zote, unaweka arbuni kidogo tu na kupewa punguzo au fedha za kutumia melini. Ukisafiri mara nyingi unapanda daraja, unapata foleni yako ya kushukia na kadi ya rangi nyingine. Mwaka 2020 zilipofuta safari, baadhi ya kampuni ziliwapa abiria chaguo: warudishiwe walicholipa, au wapewe vocha ya asilimia 125 ya fedha zao kwa safari ya baadaye. Kwa hiyo mtu aliposema mwaka huo kwamba atasafiri tena, ungelazimika kumuuliza kwanza kama ana vocha mkononi.

Ninachokiona mimi ni hiki: "ndiyo" ya mzee ni ya kweli, lakini haisemi lolote kuhusu usalama wake. Inasema namna alivyofarijika. Usalama unategemea mambo mengine kabisa, na mengi hayamo kwenye kijitabu cha matangazo.

Tuanze na linaloogopwa zaidi, tumbo. Norovirusi, ambayo ilipata jina kutokana na mji wa Norwalk, Ohio, ulikozuka ugonjwa wake mwaka 1968, inapenda mahali penye watu wengi na vijiko vya bafe vinavyoshikwa na kila mkono. Chembe chache tu zinatosha kuambukiza. Dawa ya mikono ya spiriti inayowekwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula haiiwezi vizuri. Sabuni na maji ndiyo dawa. Wamarekani wana mpango wa kukagua usafi wa meli ulioanza 1975, na abiria au mabaharia wanaougua tumbo wakifika asilimia 3 taarifa hutangazwa hadharani. Kijana huugua siku mbili akasahau. Mzee anayemeza vidonge vya kukojosha kwa ajili ya presha hukaukiwa maji haraka, figo zikaanza kulegea, na kwa mwenye sukari hesabu ya dawa inavurugika. Cha kumsaidia ni kunywa maji yenye chumvi na sukari mapema na kumwambia daktari vidonge vyote anavyotumia. Wengi hawaendi kwa daktari kwa kuogopa kufungiwa chumbani, nao ndio wanaoambukiza meza nzima.

Kuanguka nako huchukuliwa kama jambo dogo, na si dogo. Meli hucheza, vizingiti vya bafu vimeinuka, taa ni hafifu. Dawa nyingi za kichefuchefu cha bahari humlegeza mzee, zikamchanganya akili na kumzuia mkojo. Nimeona babu aliyedhaniwa amepata kiharusi kumbe ni kibandiko cha dawa nyuma ya sikio. Kilipobanduliwa, kesho yake alikuwa anatania.

Lakini linalonikosesha usingizi mimi ni kiharusi chenyewe. Zahanati ya meli kubwa ina vitu vya kusifiwa: mashine ya kupima moyo, ya kuushtua ukisimama, eksirei, oksijeni, hata mashine ya kupumulia. Kile isichokuwa nacho kwa kawaida ni CT scan. Bila picha ya ubongo daktari hawezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni ya mshipa ulioziba tu. Kwa uliopasuka inaua. Tena dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Basi chukua ramani. Kati ya Mombasa na Zanzibar meli inapita jirani na pwani usiku kucha. Kati ya Mombasa na Mahé, Shelisheli, ni zaidi ya siku mbili za maji matupu, na helikopta haziendi umbali huo. Tiketi ni moja, meli ni moja, daktari ni yuleyule, ila hatari za usiku ule na za usiku huu hazifanani hata kidogo. Mzee mwenye historia ya kiharusi anayeniuliza kama asafiri, simjibu mpaka nione ramani.

Na bandari ya karibu si lazima iwe na hospitali inayofaa, wala si lazima ikukubali. Februari 2024 Norwegian Dawn ilizuiwa nje ya Port Louis, Mauritius, kwa hofu ya kipindupindu. Vipimo vikaonesha si kipindupindu, meli ikaruhusiwa. Mwezi uliofuata meli hiyohiyo, ikitoka Cape Town kwenda Barcelona, iliacha abiria wanane São Tomé waliochelewa kurudi kutoka matembezini. Walivuka nchi kadhaa wakiifukuza mpaka wakaipata Dakar. Wengi wanakumbuka kisa hicho kwa sababu ya wale wanane. Mimi nakikumbuka kwa ajili ya mtu mwingine: hukohuko São Tomé alikuwa ameshushwa bibi wa Kimarekani wa miaka 80 aliyeugua ghafla, meli ikaendelea na safari yake, na waliokwenda kumwona hospitalini ni mke na mume miongoni mwa hao walioachwa.

Meli haisubiri. Si ukatili wa nahodha fulani, ndivyo kazi yao ilivyo. Gati la kesho limeshalipiwa, na watu 2,000 wana ndege za kuwahi. Mgonjwa akishushwa anabaki na begi lake, pasipoti, na wakala wa bandari asiyemjua. Hapo ndipo bima inapoonekana kama ilinunuliwa au ilidhaniwa tu. Mstaafu wa Marekani anayetegemea Medicare, bima ya afya ya serikali yao, ajue hailipii matibabu ya melini meli ikiwa zaidi ya mwendo wa saa 6 kutoka bandari ya nchi yake. Kadi ya benki yenye bima ya bure mara nyingi ina ukomo wa umri ulioandikwa kwa herufi ndogo. Na bima inayolipa kitanda cha hospitali si lazima ilipe ndege ya wagonjwa, ambayo inaweza kula akiba ya miaka. Wako watoto wa ndugu zetu walioko Uingereza, Kanada na Ghuba wanaowalipia wazazi wao safari hizi kama zawadi. Zawadi nzuri. Ila nimeshaombwa mara mbili kusaidia familia iliyolipia chumba chenye roshani na haikulipia bima, eti mama hana maradhi. Mama alikuwa na presha ya miaka 20. Hakuwaambia.

Shangazi yangu mwanawe alimkatia bima, nashukuru. Alirudi Mombasa amepungua kilo mbili na kukaa kimya juma zima. Kisha ikaja harusi mtaani Mji wa Kale, na nikamsikia akiwasimulia wenzake: Marseille na kanisa lake juu ya mlima, msichana wa Kifilipino aliyemwita Mama na kumletea samaki kila akisema nyama haijui ilivyochinjwa, mwezi ulivyotua baharini akiutazama kitandani. Kulala siku mbili na ndoo ubavuni kukawa "kitumbo kidogo kilinishika". Nilitaka kumkumbusha ile simu. Nikanyamaza, maana hata yeye angeshangaa.

Mwezi uliopita aliniita. Mwanawe ameshaweka arbuni ya pwani ya Norwei, mwezi wa Juni. Nilitazama ramani kwanza, kama kawaida yangu, na kusema kweli nilipenda: meli inakwenda na pwani karibu njia yote, na Tromsø kuna hospitali ya chuo kikuu. Nikamwambia amuulize mwanawe bima inalipa mpaka wapi na kama itamlipia kurudishwa nyumbani, aandike vidonge vyake vyote kwenye karatasi, na vya kichefuchefu asinunue kabla hajanionesha. Aliitikia yote kwa heshima bila kuandika hata moja. Lililomkalisha macho lilikuwa jingine, na sikuwa na jibu lake, nikamwambia amtafute sheikh: huko jua lisikozama, Isha ataiswali saa ngapi?